Profesa Anapoitetea Dini Isiyo Yake



Leo nawachukua hadi Parklands. Hatuendi hospitali ya Aga Khan kumwona mgonjwa, wala Diamond Plaza kula bhajia, ingawa njaa ikituuma njiani sitamkataza mtu. Tunaenda Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Wamepitia mikononi mwa walimu wa kitivo hicho mawakili, majaji, wabunge, na pia baadhi ya wakorofi wakubwa kabisa ambao serikali zetu zimewahi kuwapata.

Ukitaka kufundisha uhuru wa dini nchini Kenya, sijui mtaa unaofaa kuliko huu. Hekalu la Swaminarayan liko pale kwenye barabara iliyoitwa Forest Road, siku hizi Wangari Maathai, tangu mwaka 1999. Wajaini wana kituo chao cha Oshwal. Waismaili wapo, Wabatisti wapo, na Ijumaa saa saba mchana magari ya wanaokwenda kuswali huziba vichochoro hadi matatu zinapiga honi za hasira. Na huyo mlinzi anayelifungua lango la Wahindu huenda akawa Msabato wa kutoka Kisii, aliyepatana na bosi wake zamani kwamba Jumamosi asipangiwe zamu. Makubaliano ya aina hiyo hayaandikwi popote. Yakivunjika ndipo tunapokumbuka kuna Katiba.

Swali langu ni hili. Profesa wa sheria ambaye nje ya darasa anatetea uhuru wa dini, anaandika, anaandamana, anasimama mahakamani, je, anaweza kurudi darasani akafundisha kwa haki? Wako wanaosema hawezi. Mwalimu, wanasema, asiwe na upande, la sivyo mwanafunzi mwenye mawazo tofauti atafelishwa mtihani au atajifunza kumwambia mwalimu kile anachopenda kusikia. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini nadhani jibu linategemea jambo moja tu: huyo profesa anatetea dini ya nani?

Tuanze Isiolo, maana kesi ya Isiolo ndiyo iliyo bora zaidi kwa kulipima jambo hili.

Mwaka 2014, shule ya kutwa ya St. Paul Kiwanjani, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodist, iliombwa iwaruhusu wasichana Waislamu wavae hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare yao. Aliyelitoa ombi hilo hadharani alikuwa naibu gavana wa kaunti. Hayo tu: kitambaa kichwani na suruali chini ya sketi. Kanisa likaona kanuni za shule zinavunjwa kwa shinikizo la wanasiasa, likaenda kortini. Mzazi mmoja Mwislamu akaomba aingizwe katika kesi, na alipoingizwa akaleta ombi lake mwenyewe kwa niaba ya wasichana.

Machi 2015 Mahakama Kuu ya Meru ililipa kanisa ushindi. Ukiwaruhusu wachache wavae tofauti, ilisema, unawabagua waliobaki. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikapindua uamuzi huo. Majaji watatu wakasema kanuni inayoonekana sawa kwa wote inaweza kuwaumiza watu fulani peke yao, na shule inapaswa kuwatafutia nafasi. Wazazi wa Kiislamu kote nchini wakashusha pumzi, na shule za makanisa nazo zikaingiwa na wasiwasi.

Kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wake, na hapo ndipo mwanafunzi wa sheria anapoanza kujikuna kichwa. Majaji walio wengi hawakusema hijabu ni haki au si haki. Walisema yule mzazi, kwa kuwa aliingia kesini kama mhusika tu mwenye maslahi, hakuwa na ruhusa ya kuleta madai yake mapya. Kwa macho yao alikuwa kama mgeni wa arusi aliyepewa nafasi ya kutoa nasaha, mara akaanza kuposa. Ushindi wa wasichana ukafutwa kwa sababu ya utaratibu, na waliotaka jambo lenyewe liamuliwe wakaambiwa waanze upya Mahakama Kuu.

Jaji mmoja alikataa kuwafuata wenzake. Alikuwa Jackton Ojwang. Kabla ya kuteuliwa jaji mwaka 2003, Ojwang alikuwa profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu maendeleo ya katiba nchini Kenya kimesomwa na vizazi vya wanafunzi. Katika hukumu yake ya peke yake alisema rufaa ya kanisa haikustahili kufaulu. Mwaka uliofuata akastaafu.

Nimeisoma hukumu hiyo nikamsikia mwalimu. Hukumu ya jaji anayepingana na wenzake haimlazimishi mtu yeyote kufanya lolote. Shule haibadilishi sare kwa sababu yake, wala hakuna afisa wa elimu atakayeibandika ukutani. Wasomaji wake wa kweli ni wawili: mwanafunzi wa leo, na jaji wa kesho ambaye ni yule yule mwanafunzi akishazeeka. Mtu aliyefundisha maisha yake yote anajua kwamba hoja iliyoshindwa leo, ikiandikwa vizuri, itajadiliwa darasani mwaka baada ya mwaka, na siku moja kuna atakayeinuka nayo mahakamani. Kwa hiyo yanapounganishwa haya mawili, utetezi na ualimu, mimi naona ualimu ndio unaotangulia.

Sasa fikiria namna ya kuifundisha kesi hii pale Parklands. Darasa lina wasichana wenye hijabu wa kutoka Garissa, Mandera na Mombasa. Lina waimbaji wa kwaya. Lina vijana waliosoma shule za kanisa na wanaozikumbuka kwa upendo, na wengine wanaozikumbuka kwa viboko. Mwalimu mvivu atawauliza, mnaonaje? Kila mmoja atasimama na dini aliyozaliwa nayo, na kipindi kitaisha kama mjadala wa kijiweni. Mwalimu anayeijua kazi yake atagawa darasa kinyume: msichana wa Garissa awe wakili wa Kanisa la Methodist, na mwimba kwaya awe wakili wa wasichana. Tena asiwaruhusu kufanya mzaha. Wa Garissa aonyeshe kwa nini shirika la dini lililojenga shule lina haki ya kulinda mila ya shule hiyo, aseme kwa dhati hadi mwenyewe aanze kutetereka. Mwimba kwaya naye aeleze maana ya stara, asiishie kwenye maneno matupu ya "haki za wachache". Wakishamaliza, hakuna atakayetoka amebadili dini. Lakini kila mmoja atakuwa ameibeba hoja ya mwenzake hadi mwisho angalau mara moja, na mawakili wengi wanastaafu bila kuwahi kufanya hivyo.

Mtasema ni nadharia. Haya, tuje kwenye historia, maana Nairobi iliwahi kuyaona mambo haya yakitendeka.

Kivutha Kibwana alikuwa mwalimu wa sheria na aliwahi kuwa mkuu wa kitivo hicho. Miaka ya tisini alikuwa miongoni mwa wasemaji wakuu wa vuguvugu la kudai katiba mpya. Mnakumbuka maandamano ya Saba Saba ya mwaka 1997, polisi walipoingia ndani ya kanisa kuu la All Saints na kuwapiga watu waliokimbilia humo, Mchungaji Timothy Njoya akiwa mmojawapo. Mwisho wa mwaka 1999, serikali ilipotaka mageuzi yote yafanyiwe ndani ya Bunge, viongozi wa dini waliungana katika jumba la Ufungamano: Wakatoliki, Baraza la Makanisa la NCCK, Baraza Kuu la Waislamu SUPKEM, Baraza la Wahindu. Wakaunda tume yao ya katiba, na wa kuiongoza akawa mwanasheria mwingine, Oki Ooko Ombaka. Walimu wa sheria kama Kibwana walikaa katika meza hiyo hiyo na maaskofu na masheikh, wakibishana juu ya vifungu.

Halafu mwaka 2000 akaja Profesa Yash Pal Ghai, mzaliwa wa Kenya aliyefundisha sheria Dar es Salaam tangu enzi za mwanzo za kitivo kile. Aliteuliwa kuongoza tume ya serikali, lakini akakataa kukimbilia kiapo kabla ya kutafuta namna ya kuiunganisha tume hiyo na ile ya Ufungamano. Mwaka 2001 zikaungana. Kwa maoni yangu hilo ni miongoni mwa masomo makubwa kabisa aliyoyatoa mwalimu huyo, na halikuhitaji ubao.

Lakini tusijipambe. Umoja ule wa Ufungamano ulipasuka, na ulipasukia mahali panapotuhusu: mahakama za kadhi. Mahakama hizo zina historia ndefu pwani, tangu ukanda ule ulipokuwa wa Sultani wa Zanzibar ukatawaliwa na Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1895. Mwaka 1963, wakati wa uhuru, ilikubaliwa zitalindwa. Mwaka 2004 viongozi kadhaa wa makanisa wakaenda kortini kuzipinga. Mei 2010, miezi michache kabla ya kura ya maamuzi, Mahakama Kuu ikawapa haki, ikasema kuziweka katika Katiba ya zamani kulikuwa kuibagua dini moja kwa kuipendelea nyingine. Tarehe 4 Agosti mwaka huo wananchi wakapitisha Katiba mpya kwa asilimia 67 hivi, na kadhi yumo ndani, Kifungu cha 170. Kifungu cha 8 nacho kinasema hakuna dini ya taifa. Viwili hivyo vinaishi nyumba moja, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeinua mkono kuuliza vinawezaje. Mwalimu aliyekuwa Ufungamano ana mengi ya kumjibu, na mengi katika hayo hayamfurahishi hata mwalimu mwenyewe: kwamba watu walioomba pamoja chini ya mabomu ya machozi waliweza, miaka michache baadaye, kuogopana kwa sababu ya mahakama ya mirathi na talaka.

Hadi hapa nimezungumzia dini kubwa, zenye mawakili na majengo. Makau Mutua, Mkenya aliyefukuzwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1981 kwa siasa za wanafunzi, akasoma sheria Dar es Salaam na baadaye akawa mkuu wa kitivo cha sheria cha Buffalo, jimbo la New York, aliandika miaka ya tisini hoja ambayo bado inaniwasha. Alisema sheria ya kimataifa ya uhuru wa dini iliwekwa kana kwamba dini zote ziko sokoni zikishindana kwa usawa. Dini za Ukristo na Uislamu ziliingia soko hilo zikiwa na shule, hospitali, na nyakati nyingine jeshi nyuma yake. Dini za mababu zetu ziliingia zikiwa tayari zimepewa jina la uchawi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 bado imo katika vitabu vyetu hadi leo. Basi uhuru huo, akauliza, unamlinda nani?

Mwaka 2011 tuliliona swali hilo likivaa suti. Willy Mutunga, naye mwalimu wa zamani wa sheria wa Nairobi aliyetiwa kizuizini mwaka 1982, aliteuliwa Jaji Mkuu. Walipomhoji bungeni, shahada zake na vitabu vyake vyote vikafunikwa na herini moja sikioni. Kwa nini mwanamume anavaa herini? Akaeleza kwamba ilihusiana na imani yake ya jadi, na kwamba hataivua. Mkatoliki asingeulizwa rozari yake inafanya nini. Aliapishwa na herini yake, na Kenya haikupasuka.

Septemba 2019, miezi minane tu baada ya uamuzi wa hijabu, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alisikiliza kesi ya msichana aliyerudishwa nyumbani na shule ya upili ya umma huko Kibra kwa sababu ya nywele zake za rasta. Jaji akasema Urastafari ni dini kama dini nyingine mbele ya Katiba, na msichana arudi shuleni na nywele zake. Miaka miwili kabla, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imewasikiliza Wasabato waliotaka watoto wao wasilazimishwe masomo siku ya Jumamosi, nao wakapata haki. Ukiziweka kesi hizi pamoja utaona kwamba katika nchi yetu uhuru wa dini unapimwa kwenye lango la shule, na mwamuzi wa kwanza ni naibu mwalimu mkuu aliyesimama pale asubuhi akikagua vichwa. Huyo hajawahi kusoma sheria ya katiba. Kesi hufika kwa profesa baada ya miaka mitano, mtoto akiwa ameshamaliza shule au ameshaacha.

Nje ya bara letu yuko profesa mmoja ambaye ningependa wanafunzi wa Parklands wamjue, Douglas Laycock wa Marekani. Akiwa mwalimu wa chuo kikuu, alisimama Mahakama ya Juu ya nchi yake kuwatetea waumini wa dini yenye asili ya Wayoruba waliokatazwa na mji wa Hialeah, Florida, kuchinja wanyama kwa kafara; wakashinda mwaka 1993. Mwaka 2012 akalitetea kanisa la Kilutheri. Mwaka 2015 akamtetea mfungwa Mwislamu wa Arkansas aliyetaka kufuga ndevu zisizozidi nusu inchi. Kesi hizo tatu majaji wote tisa walikubaliana naye. Kati ya hizo mbili za mwisho, mwaka 2014, akawatetea raia waliolalamikia sala za Kikristo zinazofungua vikao vya baraza la mji wao, na hiyo akashindwa kwa kura tano dhidi ya nne. Mwanafunzi wake hawezi kukisia kesi ijayo itakuwa ya nani. Mimi naona mwalimu wa namna hiyo ana upande, lakini upande wake hauna kabila.

Kwetu kazi hiyo imegawanywa. Mmoja alibeba hijabu, mwingine kadhi, mwingine mizimu. Na wako walioibeba halafu wakaonekana upande wa pili wa meza. Githu Muigai alifundisha sheria Nairobi, na kati ya 2008 na 2011 alikuwa mwandishi maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ubaguzi wa rangi, kazi iliyomfanya aandike pia juu ya chuki dhidi ya dini za watu. Alipokuwa Mwanasheria Mkuu, Januari 2016, ofisi yake ilitoa rasimu ya kanuni za vyama vya dini: wahubiri wawe na elimu ya theolojia, wawe na cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Makanisa na misikiti vikapiga kelele kwa sauti moja, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu Ufungamano, na Rais Uhuru Kenyatta akazirudisha zijadiliwe upya. Mwaka huo huo chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa, na muda si mrefu usajili ukasimamishwa. Kwa hilo sikusikia kelele zozote kutoka mimbarini.

Kisha ikaja Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu wa Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, aliyefunguliwa mashtaka kwa madai ya kuwahimiza wafunge hadi kufa. Serikali ikaunda jopo la kuangalia namna ya kusimamia dini, likiongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, aliyekuwa katibu mkuu wa NCCK siku zile za Ufungamano. Sasa profesa wetu anayetetea uhuru wa dini asimame mbele ya darasa lenye kijana wa Malindi. Amwambie nini? Kifungu cha 32 kinalinda dhamiri, dini, fikra na imani. Kifungu cha 24 kinaruhusu kuwekewa mipaka, ilimradi mipaka iwe ya busara, yenye sababu za kutosha, na isizidi kiasi. Kuua watoto kwa njaa tayari ni kosa la jinai. Halihitaji kanuni mpya za theolojia. Polisi na watawala wa eneo waliofikishiwa malalamiko mapema walihitaji tu kutenda kazi yao. Hiyo ndiyo hoja ambayo ningeitoa mimi. Lakini kijana wa Malindi atasema, na cheti cha mwenendo mwema kingemdhuru nani? Na hilo nalo linastahili jibu, si hotuba.

Muda wangu unayoyoma, na fundi mitambo ananionyesha saa. Kama ningekuwa natunga mtihani wa sheria ya katiba pale Parklands muhula huu, ningeweka swali moja tu la lazima. Mahakama ya Juu mwaka 2019 ilisema suala la hijabu linaweza kuanzishwa upya Mahakama Kuu. Liandae ombi hilo kwa niaba ya wasichana wa Isiolo. Ukimaliza, geuza karatasi, andika jibu la Kanisa la Methodist. Alama ni hamsini kwa hamsini, na mtahini hataangalia jina lako kabla ya kusahihisha.